Mkunazi, ndulele na mnyaa: mimea ya Ilongero mbele ya saratani ya ngozi

Mwaka 1995 John Pezzuto na watafiti wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, walichapisha katika jarida la Nature Medicine habari ambayo ingemshangaza mtoto yeyote wa Singida aliyewahi kurudi nyumbani mfuko umejaa kunazi. Walikuwa wamepima dondoo za mimea zipatazo 2,500, wakitafuta chochote kinachoweza kuua seli za melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali kuliko nyingi. Dondoo iliyowasimamisha ilitoka kwenye gome la mkunazi. Ndani yake walikuta asidi ya betuliniki. Panya waliopandikizwa uvimbe wa melanoma ya binadamu walipopewa asidi hiyo, uvimbe uliacha kukua, na panya wenyewe hawakuonyesha dalili ya kudhurika.

Mikunazi ya nyika ya kati ya Tanzania ni ya ukoo huohuo. Huko Ilongero, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, miti ya namna hiyo inafahamika na kila mchunga mbuzi. Ndulele nayo huota bila kupandwa, kandokando ya njia na kwenye viwanja vilivyoachwa, na vitunda vyake vya manjano hakuna anayehangaika kuvichuma. Mnyaa hupandwa kuzunguka maboma kuwa uzio, kwa kuwa hauliwi na mifugo na ukiuchomeka ardhini kiangazi unashika. Mimea hii mitatu, au ndugu zake wa karibu, imeshaingia katika maabara za dunia kwa ajili ya saratani ya ngozi. Yaliyoipata huko yanastahili kufika kijijini kama yalivyo, bila kupunguzwa wala kutiwa chumvi, maana wanaohitaji dawa ya saratani hiyo kuliko wote ni watu wanaolima juani kwenye mashamba ya aina hii.

Jua la Singida si la mzaha. Ilongero iko kwenye nyanda za juu, chini kidogo ya nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na miezi mingi ya mwaka anga haina wingu. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na mionzi ya urujuanimno hupungua kidogo tu kabla ya kumfikia mtu. Kazi ya hapa ni kilimo cha alizeti, uwele, mtama na vitunguu, na palizi haisubiri jua lipungue. Mtu mwenye ngozi nyeusi amepewa kinga yake na melanini. Mtu mwenye ualbino hana.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya 1,400, wakati kwa dunia nzima ni takriban 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Mwaka 1985 madaktari J. Luande, Claudia Henschke na mwenzao walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam. Walikuta kwamba mtoto akifikisha mwaka mmoja tu ngozi yake imekwisha kuonyesha madhara ya jua, na kwamba kufikia umri wa miaka 20 wote walikuwa na saratani au mabadiliko yanayoitangulia. Miaka 40 imepita tangu utafiti huo na huduma zimeboreka, lakini takwimu zile bado zinatisha, na hazina budi kutisha.

Saratani ya ngozi si moja. Melanoma, ile ambayo mkunazi ulipimwa dhidi yake, si tishio kuu kwa watu wenye ualbino Afrika Mashariki. Kwa wazungu wa Ulaya na Australia inayoongoza kwa wingi huanzia kwenye seli za tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu. Hukua polepole na ni nadra kusambaa mwilini. Kwa Watanzania wenye ualbino inayoongoza huanzia kwenye seli bapa za juu: kidonda kikavu kwenye sikio, mdomo, shavu, shingo au nyuma ya mkono, kinachotoa ukurutu, kinapasuka, kinatoa damu, na kikiachwa huingia kwenye tezi na mfupa. Watanzania wasio na ualbino nao wana za kwao. Melanoma kwa watu weusi hupenda kuanzia kwenye unyayo, na saratani ya seli bapa huweza kuota juu ya kovu la zamani la moto au kwenye kidonda cha mguu kisichopona kwa miaka. Kwa hiyo anayesikia kwamba mmea fulani unatibu saratani ya ngozi aulize kwanza: ipi?

Swali hilo ndilo linaloiweka ndulele mahali pake. Mmea huu, ambao wataalamu huuita Solanum incanum, umetumika katika tiba asili sehemu nyingi za Afrika Mashariki: mzizi hutafunwa kwa maumivu ya tumbo au jino, na maji ya tunda hupakwa kwenye mapunye. Una kemikali za jamii ya solasodini, na mojawapo ni solamargini, ambayo watafiti wa Taiwan waliitenga kutoka kwenye ndulele miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba huua seli za saratani ya ini katika maabara. Australia nako kemikali za jamii hiyo, kutoka kwa mmea mwingine wa ukoo wa ndulele, zilikuwa zimetengenezewa mafuta ya kupaka. Mafuta hayo yalifika hadi kwenye jaribio rasmi. Mwaka 2008 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 94 wa saratani ile ya tabaka la chini, wengine wakipaka dawa na wengine mafuta matupu, mgonjwa wala daktari asijue nani anapaka nini. Baada ya wiki 8, saratani ilikuwa imeondoka kwa asilimia 66 ya waliopaka dawa, na kwa asilimia 25 ya waliopaka mafuta matupu.

Asilimia 66 inavutia. Lakini itazame tena. Theluthi moja ya waliopaka dawa walibaki na saratani yao. Upasuaji wa kawaida wa uvimbe mdogo wa aina hiyo hufanikiwa kwa zaidi ya watu 90 kati ya 100. Tena jaribio lilihusu saratani inayokwenda polepole, si ile ya seli bapa inayowaua Watanzania wenye ualbino. Mgonjwa aliye na ile ya pili, akikaa wiki 8 anapaka, anaweza kuwa ameipa saratani muda wa kufika kwenye tezi za shingo. Hii haina maana kwamba ndulele iachwe. Ina maana kwamba hakuna aliyeipima kwa ajili ya mgonjwa wetu kwa kiwango kinachotosha, na kazi hiyo ingefaa kufanywa na watu wanaomjua mgonjwa huyo.

Habari ya mnyaa ni nzito zaidi, na inafaa isimuliwe taratibu.

Mnyaa ni Euphorbia tirucalli. Kila mtoto aliyekulia kwenye boma lenye uzio wake amewahi kukaripiwa asiuvunje, kwa sababu utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Utomvu huohuo huunguza ngozi, na pengine ndiyo asili ya kupakwa kwenye chunjua na uvimbe mahali pengi, kuanzia Afrika hadi Brazil. Australia walikuwa na mdogo wake mnyaa, kijimmea kinachoota bustanini kama gugu, kiitwacho Euphorbia peplus. Watu wa huko walikuwa wakipaka utomvu wake kwenye chunjua na kwenye madoa ya ngozi yaliyoharibiwa na jua. Wanasayansi waliufuata, wakatenga kemikali iitwayo ingenoli mebutate, wakaijaribu kwa wagonjwa, na Januari 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha mafuta yaitwayo Picato kwa ajili ya madoa magumu ya jua ambayo baadhi hugeuka kuwa saratani. Mgonjwa alipaka siku 2 au 3 tu, ngozi ikababuka, ikapona. Kwa waliokuwa wakitetea tiba za mimea, huo ulikuwa ushahidi mezani: dawa ya bibi imepita milango yote.

Kisha wagonjwa wakaendelea kufuatiliwa. Katika utafiti mmoja wa miaka 3, asilimia 3.3 ya waliopaka Picato walipata saratani kwenye ngozi iliyotibiwa, ikilinganishwa na asilimia 0.4 ya waliopaka dawa nyingine iliyokuwa ikilinganishwa nayo. Januari 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisimamisha matumizi yake, na kampuni ikaiondoa sokoni humo. Dawa iliyotolewa kuzuia saratani ilikuwa inashukiwa kuileta.

Wataalamu wa kemia ya mimea hawakushangaa sana. Ukoo huu una kemikali ziitwazo esta za forboli, na tangu miaka ya 1940 maabara zimekuwa zikitumia mafuta ya mbegu za mmea mwingine wa jamii hiyo kuharakisha uvimbe kwenye ngozi ya panya ili kujifunza saratani inavyoanza. Mnyaa wenyewe umechunguzwa Afrika Mashariki kwa shaka ya namna hiyo. Saratani ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 alipokuwa Kampala inahusishwa na virusi vya Epstein-Barr, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa utomvu wa mnyaa unaweza kuviamsha virusi hivyo vikiwa vimelala ndani ya seli. Kumwambia mtu mwenye ualbino apake utomvu wa mnyaa kwenye kidonda cha usoni ni kumweka kwenye hatari maradufu. Hapa mwandishi hana njia ya katikati: usipakwe.

Basi mmea hupimwaje hadi uaminike?

Kazi huanzia porini, na huanza na karatasi. Mtafiti huchukua tawi lenye majani, maua au matunda, hulikandamiza katikati ya magazeti likauke, huandika lilikotoka, tarehe, na jina wanaloliita wenyeji, kisha mtaalamu wa mimea hulithibitisha na kulihifadhi. Bila kielelezo hicho, miaka 10 baadaye hakuna atakayejua ni mkunazi upi uliopimwa, maana ndugu wawili wa ukoo mmoja huweza kutofautiana sana kwa kemikali. Gome au majani hukaushwa kivulini, husagwa, huloweshwa kwenye spiriti kwa siku kadhaa, huchujwa, na spiriti huvukizwa hadi ibaki nta nzito ya kahawia au kijani. Hiyo ndiyo dondoo.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Profesa Mainen Moshi na wenzake wa taasisi hiyo wamechapisha tafiti nyingi za mimea ya Tanzania wakianza na kipimo cha bei nafuu kinachotumia vidudu wadogo wa majini waitwao artemia, jamii ya kamba. Mayai yao, madogo kama vumbi, hutiwa kwenye maji ya chumvi. Katika tafiti hizo chumvi yenyewe ilitengenezwa kwa kukausha maji ya Bahari ya Hindi yaliyochotwa pwani ya Dar es Salaam. Upande mmoja wa chombo huwekwa taa. Wakianguliwa, vidudu hukimbilia kwenye mwanga, na hapo mtafiti huwavuta kwa bomba jembamba, kumi kumi, na kuwatia kwenye vichupa vyenye dondoo ya nguvu tofauti. Baada ya saa 24 huinamia vichupa hivyo akihesabu wangapi wanaogelea na wangapi wametulia chini. Dondoo inayoua nusu yao kwa kiasi kidogo sana inastahili kuangaliwa zaidi. Isiyowagusa huandikwa na kuwekwa kando.

Kipimo hicho kinamwambia mtafiti kwamba kuna kitu chenye nguvu, basi. Hakimwambii kwamba ni dawa. Hatua inayofuata ni seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara. Kwa saratani ya ngozi zipo zinazotumika duniani kote, kama A431 ya seli bapa na A375 ya melanoma, na kando yake huwekwa seli za ngozi yenye afya. Hizo za afya ndizo muhimu kuliko zote. Jiki nayo ikimwagwa kwenye seli za saratani itaziua zote kwa dakika chache, na hakuna atakayeiita tiba. Kinachotafutwa ni dondoo inayoua za saratani na kuziacha za afya. Watafiti wengi hufuata kigezo kinachotokana na kazi za Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani: dondoo ghafi ipunguze ukuaji wa seli za saratani kwa nusu ikiwa mikrogramu 30 au pungufu kwa mililita. Zinazofika hapo ni chache. Mwaka 2000 Appolinary Kamuhabwa, ambaye baadaye alikuja kuwa Makamu Mkuu wa chuo cha Muhimbili, pamoja na wenzake wa Tanzania na Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima kwa njia hii dondoo za mimea itumikayo katika tiba asili ya Tanzania. Uwezo upo nchini, na haukuanza jana.

Baada ya seli huja ngozi. Dawa ya kupaka lazima ipenye, na ngozi imeumbwa kuzuia vitu visipenye. Hapo ndipo mkunazi ulipokwama. Asidi ya betuliniki haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ni kazi ngumu kuifikisha inakotakiwa. Chicago walitengeneza mafuta yake ya kupaka na kuanza kuyajaribu kwa watu wenye mabaka meusi yanayoweza kugeuka melanoma. Jaribio hilo lilisimamishwa kabla ya kukamilika. Miaka 30 baada ya majaribio yale ya panya, hakuna dawa ya melanoma iliyoidhinishwa iliyotokana na gome la mkunazi. Anayeuza unga wa gome hilo leo kwa kutaja utafiti wa 1995 anataja nusu ya habari.

Ipo habari nyingine, nayo ni ya kutia moyo kwa haki kabisa. Kati ya Oktoba 2013 na Machi 2018, wagonjwa 334 wenye VVU na saratani ya Kaposi iliyokomaa waliingizwa kwenye jaribio katika vituo 11 vya Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Kaposi ni saratani ya mishipa midogo ya damu, lakini watu wengi huiona kwanza kwenye ngozi: mabaka ya zambarau mguuni, miguu kuvimba, vidonda. Jaribio lililinganisha tiba tatu. Moja ilikuwa paklitakseli, iliyopatikana kwanza kwenye gome la mti wa Marekani lililokusanywa mwaka 1962. Ya pili ilikuwa etoposidi, iliyotengenezwa kutokana na kemikali ya mzizi wa mmea mwingine wa Marekani. Ya tatu ilikuwa mchanganyiko wenye vinkristini, inayotoka kwenye vinka, ua lile la waridi au jeupe la asili ya Madagaska ambalo kwetu limejaa bustanini na makaburini. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2020, yalionyesha paklitakseli ikizishinda nyingine mbili. Tiba zote tatu zilikuwa na dawa iliyozaliwa na mmea, wagonjwa wengi walikuwa Waafrika, na kila mmoja alifahamishwa na kuridhia kabla ya kuanza. Hivyo ndivyo mmea unavyofika kwenye ngozi ya mgonjwa kwa heshima.

Heshima hiyo haikuwapo kila mara. Vilima vya Shimba, nyuma ya pwani ya Kenya, vina kichaka kiitwacho Maytenus buchananii, ambacho Wadigo walikitumia kwa uvimbe kwa muda mrefu kabla mgeni hajakiulizia. Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan alitangaza kwamba mimea ya jamii hiyo ina kemikali kali iitwayo maitansini. Marekani ilihitaji malighafi kwa majaribio, na katikati ya miaka ya 1970 zaidi ya tani 27 za kichaka hicho zilivunwa Shimba. Miaka michache baadaye walipohitaji zaidi, walitaabika kuipata, kwa kuwa vichaka vilivyokomaa vilikuwa vimekwisha na vichanga havijakua. Maitansini yenyewe ilionekana kuwa na sumu nyingi mno kwa wagonjwa. Lakini haikutupwa. Wanakemia waliibadilisha kidogo, wakaifungamanisha na kingamwili inayoipeleka moja kwa moja kwenye seli ya saratani, na mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha dawa ya saratani ya matiti inayotumia njia hiyo. Hesabu miaka: 41 tangu tangazo la Kupchan. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inataka nchi na jamii zenye mmea zipate mgao wa haki. Wazee wa Kidigo walioujua mmea huo hawakuwa na karatasi ya namna hiyo mkononi.

Kwa Ilongero, jambo la karatasi linaambatana na jambo la kuaminiana, na hapa ndipo pagumu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua mganga wa tiba asili na kumtaka asajiliwe. Wapo waganga waadilifu wanaojua mimea kwa undani ambao mtaalamu wa maabara angehitaji miaka kuufikia. Lakini jina hilo la mganga limebeba pia damu ya watu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa ramli za wauaji waliojiita waganga. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Mama mwenye mtoto mwenye ualbino ana kila sababu ya kuogopa mtu anayekuja kijijini kuuliza habari za mtoto wake na mitishamba kwa pamoja. Mtafiti asiyelijua hilo atafukuzwa, na waliomfukuza watakuwa na haki.

Upande wa pili wa kuaminiana ni kuamini kupita kiasi. Taifa zima linakumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichochemshwa kutokana na mmea wa porini. Wapo waliotoka wodini kwenda huko, na wapo walioacha dawa zao waliporudi. Kikombe hakikuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni kipimo kabla ya foleni.

Kwa sasa, kinachomwokoa mwenye saratani ya ngozi kinafahamika vizuri. Kidonda kidogo hukatwa, mara nyingi kwa ganzi ya mahali hapo tu, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Madoa yanayotangulia saratani hugandishwa kwa naitrojeni ya maji au hupakwa dawa ya fluorourasili. Kilichokomaa huhitaji upasuaji mkubwa na mionzi, na mionzi kwa mtu wa Singida ina maana ya safari: Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, takriban kilomita 700, au Bugando, Mwanza. Moshi, kwenye Hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho wahitimu wake wanahudumu katika nchi nyingi za Afrika. Hapohapo Moshi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa msukumo wa mfamasia Mhispania Mafalda Soto, yanatengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua, na hugawiwa bure kupitia kliniki zinazozunguka mikoani. Mafuta hayo, kofia pana, mikono mirefu na kuhamisha palizi iwe alfajiri na jioni vinazuia saratani nyingi kuliko dawa yoyote iliyotajwa katika makala haya. Kidonda chochote cha mtu mwenye ualbino kisichopona ndani ya mwezi kikatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

Hakuna kinachozuia huduma hiyo na utafiti wa mimea kutembea pamoja. Wagonjwa wengi wanaofika kliniki kwa kuchelewa wameshapaka kitu: majani yaliyopondwa, utomvu, majivu, mafuta waliyouziwa mnadani. Wengi hawasemi, kwa kuogopa kugombezwa, na maarifa hayo yanaishia kwenye beseni la kuoshea kidonda. Kama kila kliniki ya ngozi inayofika Singida ingeandika mgonjwa alipaka nini, kwa jina la Kinyaturu, lugha ya wenyeji, na la Kiswahili, kwa muda gani, na kidonda kilifanyaje baada ya hapo, kisha ikaomba tawi la mmea huo na kulipeleka Muhimbili na jina la kijiji lilikotoka, baada ya miaka michache nchi ingekuwa na orodha yake yenyewe. Orodha hiyo ingeonyesha mimea ya kupimwa kwanza. Ingeonyesha pia ipi inaunguza na kuharibu, ili watu waonywe mapema, na hilo pekee lingetosha kulipia gharama. Kinachohitajika ni mstari mmoja kwenye fomu, na muuguzi atakayeuliza kwa sauti ya kawaida, kalamu mkononi.